Niliyojifunza kwa kusugua vinyago Mtwara

Mi kazi yangu ni msasa. Kinyago kikitoka kwenye tezo na patasi kinakuja kwangu na makovu yake yote, mi ndo nakihangaikia mpaka kinang'aa, na nimeifanya kazi hii tangu nikiwa binti hapa Mtwara mjini barazani kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Watu wakiongelea vinyago wanamuongelea mchongaji, sawa, ndo mwenye kazi yake, ila mtu wa msasa anaona vitu ambavyo mchongaji mwenyewe hana muda wa kuviona, maana yeye akimaliza anahamia gogo lingine, wewe unabaki na kile kitu mikononi siku nzima unakipapasa kila kona, kwapani, nyuma ya sikio, katikati ya vidole, na hapo ndo unajua huyu mtu mkono wake unaendaje. Naandika haya kwa sababu kuna maneno nayasikia kila siku kuhusu uchongaji "halisi" wa Kimakonde, kwamba ukichanganya na kazi za watu wengine siyo asili tena, na kiukweli yananiuma, maana mikono yangu imenionyesha kitu tofauti kabisa.

Mjomba kazaliwa ng'ambo, Msumbiji, kule uwanda wa Mueda. Wazazi wake walivuka Ruvuma naye akiwa mdogo baada ya yale ya tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia watu risasi pale Mueda, wakafikia Newala kwa ndugu, baadae ndo wakashuka huku Mtwara. Ukimuuliza yeye ni Mmakonde wa Tanzania au wa Msumbiji anakuangalia tu, kwake mto ni mto na watu ni walewale. Kuchonga alifundishwa na baba yake, na baba yake kule ng'ambo alikuwa anawachongea mapadri misalaba na Bikira Maria, na maofisa wa Kireno walikuwa wanaagiza vichwa vya watu na sanamu za watu wamejitwika mizigo. Hilo la baba yake naomba mlishike, nitalirudia.

Sasa mpingo. Kama hujawahi kuushika, ni mzito kiasi kwamba ukitumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji kinazama moja kwa moja, na hicho ndo kipimo chetu cha haraka, vile vya mti mweupe vilivyopakwa dawa ya viatu ili vionekane mpingo vinaelea. Chini ya gome kuna weupe mwembamba wa njano njano, ndani ndo kiini cheusi, wachongaji wengine wanautoa weupe wote, wengine wanauacha sehemu uwe kilemba au kanga ya yule mama wa kwenye sanamu. Ukianza kusugua huo weusi huuoni, unaona vumbi la rangi ya zambarau iliyoiva, linaingia puani unapiga chafya mpaka machozi, wengine linawatoa vipele, mi najifunga kitambaa. Naanza na tupa kufuata nyuzi za mti, alafu msasa namba 60 kuondoa mistari ya tupa, 120, 240, naenda hivo hivo mpaka 600 na maji kidogo, na kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka moja utaona kama umemaliza vizuri tu, kinyago kinateleza, kina raha kukishika, ila ngoja upake polishi uone, mikwaruzo yote iliyojificha inatokeza pale juani na unarudi kuanza upya. Kwenye kumalizia mi napenda nta ya nyuki niliyoyeyusha na mafuta kidogo, inaacha mti uonekane mti.

Kwa kufanya hivo miaka na miaka vidole vinajua vyenyewe. Mjomba anakata vifupi vifupi, kutoka nje kuja ndani, na chini ya kidevu siku zote anaacha kingazi kidogo ambacho lazima nikitafute na msasa uliokunjwa. Kuna mzee mwenzie wa Masasi alikuwa anavuta patasi ndefu, mgongo wa sanamu yake unaupitishia kiganja mara moja tu kutoka shingo hadi kiuno. Ungeniletea vinyago vyao gizani ningekwambia hiki cha nani na kile cha nani, na wote hao ni Wamakonde, wote wanachonga binadamu waliopandana wanaita ujamaa, sasa "halisi" hapo ni upi?

Alafu ikaja kazi ya Mikindani. Mikindani ni hapo tu ukipanda daladala toka mjini, mji wa zamani, ndo wenye lile Boma la Wajerumani la 1895, na ndo Livingstone alipoanzia kuingia bara mwaka 1866. Kuna familia ilikuwa inarudishia mlango wa nyumba ya babu yao, mlango wa nakshi, ule mti wa katikati unaoitwa mfaa ulikuwa umeliwa na mchwa, fundi wa nakshi akawa anachonga mwingine kwa mninga na mimi nikaitwa kwa ajili ya msasa. Siku ya kwanza kabla sijagusa kitu yule fundi, mzee wa makamo, kanzu yake na kofia, akaniambia, "Binti yangu, nakshi haisuguliwi. Ile kingo ndo kazi yenyewe, ukiilainisha umeiua. Wewe nisugulie bapa, ua niachie mwenyewe." Nikasugua bapa. Na nikakaa hapo nikamwangalia, maana kwa mjomba sijawahi kuona mtu anachora kabla ya kukata, huyu alikuwa na bikari na penseli, anagawa mti sawa kwa sawa, anazungusha duara, ndani ya duara anatoa ua la yungiyungi, pembeni mnyororo unapanda mpaka juu, chini samaki. Ukiacha hao samaki hakuna mtu wala mnyama mwenye sura, ni majani, maua na mistari, ila ukikaa nao unaona kuna mwendo, jicho halitulii sehemu moja. Na kwenye mistari hiyo kuna Uarabuni, kuna Bara Hindi, kuna mikono ya mafundi weusi wa pwani hii hii, mafundi walikutana bandarini wakaangaliana kazi, ndo ikatoka milango ya Kilwa, Mikindani, Unguja na Lamu.

Mjomba akaja kunifuata jioni moja. Akasalimia, "Hodi sheikh, za hapa?" Yule fundi akamjibu, "Salama mzee mwenzangu, karibu, hapa ni vumbi tu." Mjomba hakukaa, alienda moja kwa moja kwenye ule mfaa akachuchumaa, akaupapasa, kimya, mi nikawa naona aibu maana hajamaliza hata salamu. Alafu akauliza, "Hapa mbona umegeuza patasi?" Sehemu yenyewe ndogo, pete moja tu ya mnyororo, mi nilikuwa sijaiona. Fundi akasogea, "Nyuzi zimepinda hapo, nikienda nazo zinang'oka." Mjomba akaguna, "Kumbe na kwenu zinang'oka." Basi, kuanzia hapo ni stori mpaka magharibi ikaingia. Wakaanza kuoneshana patasi, mjomba za kwake zimefuliwa kwa chuma cha springi ya gari, za fundi nazo springi ya gari, wakabishana nyundo ya chuma na nyundo ya mti ipi haichoshi kifundo cha mkono, wakabishana mti ukatwe mwezi gani ili usipasuke. Fundi akampa kipande cha mninga akamwambia haya nichongee kitu, mjomba akamchongea sikio. Sikio tu, la mtu, bila kuchora. Fundi akalichukua akaligeuza geuza akasema mashallah.

Pale nilielewa kitu ambacho mpaka leo ndo msimamo wangu. Mmoja ni Mwislamu wa mjini hachongi sura, mwingine wa uwanda na kazi yake yote ni sura, dini tofauti, mila tofauti, kazi hazifanani hata kidogo ukiziweka pamoja, lakini wote wawili bosi wao ni mmoja, nyuzi za mti. Mti unapasuka kwa kila mtu. Mti unang'oka ukikatwa kinyume, haujali wewe ni nani. Kwa hiyo mafundi wa mti popote walipo wameshapitia maswali yaleyale kabla hata hawajakutana, ndo maana wakikutana wanaelewana haraka kuliko sisi wengine.

Baada ya hapo mjomba akaanza kuweka mnyororo wa Mikindani kwenye kitako cha ujamaa zake. Juu watu wamepandana, babu, mama, watoto, chini mnyororo mwembamba unazunguka. Mi niliupenda sana, na kwa msasa ni kazi, lakini kazi ya furaha, kule juu nalainisha, huku chini naacha kingo iume. Akaja mnunuzi mmoja toka Dar, mtu anaejua kuongea, akashika, akageuza, akasema hii siyo Makonde halisi, mmechanganya, wateja wangu wa nje wanataka asili. Akaacha. Mjomba hakusema kitu, alikirudisha tu kwenye gunia. Mi ndo niliebaki nawaka.

Maana hebu tuulizane, asili ni ipi? Huo ujamaa wenyewe unaouita asili, mzee anaetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, alitoka Msumbiji akaja kuchongea Dar es Salaam miaka ya mwishoni ya 1950, na mwanzo ulikuwa unaitwa dimoongo, wanaume wanaoshikiliana kuonyesha nguvu, jina la ujamaa likashika wakati wa siasa ya Mwalimu. Shetani, wale wenye jicho moja na midomo imepinda, anaetajwa ni Samaki Likankoa, nae toka Msumbiji, miaka hiyohiyo, Dar hiyohiyo, na kazi zao zilikuwa zinapitia dukani kwa Mohamed Peera, Muhindi, ambae aliwapa nafasi ya kuchonga vitu ambavyo wafanyabiashara wengine wasingevigusa. Mawingu, yale maumbo yanayopinda pinda bila sura kamili, nayo ni ya mjini na ni ya baadae zaidi. Yani hizo staili zote ambazo leo ukienda pale Mwenge, soko la vinyago Dar, utaambiwa ni za mababu, nyingi zina umri wa mama yangu, na zilizaliwa watu walipokutana, Wamakonde wa ng'ambo na wa huku, waliokuja kukata mkonge, mwenye duka Muhindi, wateja Wazungu.

Na hata mpingo wenyewe. Mababu walikuwa wanachonga mti mwepesi kwa ajili ya vinyago vya ngoma, vya kuvaa usoni na kichwani, na vitu vya nyumbani, vifuniko vya tumbaku na dawa, fimbo. Mpingo ulikuja kushika sana pale wanunuzi wa nje walipoingia, ndo habari ya baba yake mjomba na mapadri wake. Je Bikira Maria alizozichonga yule babu hazikuwa za Kimakonde? Mi nimeisugua moja, ipo kwa mama mdogo, ina nundu ya ndonya mdomoni, kile kipambo ambacho wanawake wa Kimakonde zamani walikuwa wanatoboa mdomo wa juu na kukivaa. Bikira Maria mwenye ndonya. Mtu asiniambie hiyo siyo asili.

Ukivuka kwenda Kenya ndo utachoka kabisa. Wakamba leo ndo wachongaji wakubwa kule, na wenyewe wanasema yule aliyewaanzishia ni Mutisya Munge wa Wamunyu kule Ukambani, alikuja Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akajifunzia kuchonga huku kwetu, wengi wanasema kwa Wazaramo, akarudi nayo nyumbani, leo Wamunyu nzima ni tezo, na Changamwe pale Mombasa wana ushirika wao tangu miaka ya 60. Kuna mfanyabiashara wa Kikamba alikuwa anakuja kuchukua mzigo kwetu, mstaarabu sana, mjomba anamwita "shemeji" ingawa hakuna aliyeoa, yeye ndo alinisimulia hiyo habari akiwa amekaa hapo barazani, na akasema kwa mdomo wake, "Sisi mwalimu wetu alitoka huku." Nilitegemea mjomba atajivuna, wala, akamjibu kwamba wao wametushinda kwa kuchonga wanyama, twiga wa Kimakonde hajawahi kusimama vizuri. Na Wamakonde wenyewe wapo Kenya, Kwale, walienda kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu enzi za mkoloni, wakakaa bila vitambulisho miaka yote hiyo mpaka walipoandamana kwenda Nairobi 2016, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wengi wao maisha yote hayo walikuwa wanakula kwa patasi.

Nimeeleza ya karibu, sasa ya mbali, maana hii ndo ilinifungua macho kabisa. Alikuja kijana mmoja Mikindani kwa ajili ya kuzamia baharini, Mmaori, wale wenyeji wa asili wa New Zealand, na kumbe kwao ni mchongaji. Mtoto wa kaka yangu anaesoma chuo ndo akawa mkalimani, "shangazi anasema hivi, shangazi anauliza vile", alimaliza jioni amechoka koo. Yule kijana akaomba ajaribu mpingo. Kwao anachonga mti unaitwa totara, laini, unapasuka kwa kunyooka, sasa alipopiga patasi kwenye mpingo ikaruka, akacheka, akapiga tena, akaomba kunoa. Akaangalia tezo la mjomba muda mrefu sana, ulimi wa chuma umepenyezwa kwenye kichwa cha mpini, akasema kwao zamani ulimi ulikuwa wa jiwe la kijani gumu, umefungwa kwa kamba kwenye mti uliopinda, na kazi ni ileile, unakata kuja kwako.

Kitu kilichomgusa mjomba siyo hicho. Alimuona yule kijana kila chips za mti zikijaa kwenye mchoro anazifagia kwa brashi, hapulizi. Sisi tunapuliza, kila mchongaji anapuliza, ni haraka. Akauliza kwa nini. Kijana akasema kwao mwiko, pumzi ya mtu haipulizwi kwenye kazi, kinachochongwa ni babu, na zile chips huwezi kuzipikia. Na zamani wanawake hawakuruhusiwa kukaribia pale panapochongwa. Mjomba akatikisa kichwa taratibu, akaniangalia mimi, maana na sisi vinyago vya mapiko, wengine wanaita midimu, vilichongwa porini, mbali, mwanamke haoni wala mtoto ambae hajaenda jando, na hao wavaaji wakitokea uwanjani wakati wa kutoa wali, yani vijana waliomaliza jando, unatakiwa uamini ni waliokufa wamerudi. Mi msasa wangu haujawahi kugusa mapiko na sijawahi kuomba. Yule kijana akauliza naonaje kuhusu hilo, nikamwambia ukweli, kwamba naheshimu, na kwamba pia natamani, vyote viwili vipo ndani yangu.

Jioni ile tukapeana hadithi. Mimi nikatoa ile aliyonipa bibi, kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, haogi, hanyoi, siku moja akachonga umbo la mti akalisimamisha, usiku ukapita, asubuhi akakuta ni mwanamke, ndo mkewe. Wakazaa kule chini karibu na Ruvuma mtoto akafa, wakapanda juu kidogo wakazaa tena akafa, wakapanda uwandani kabisa wa tatu akaishi, ndo maana Wamakonde wakakaa juu. Yule kijana akanyamaza alafu akatoa ya kwao. Kuna mtu anaitwa Ruatepupuke, mwanae alichukuliwa na mungu wa bahari akawekwa juu ya paa la nyumba kama sanamu, baba akashuka chini ya maji kumfuata, akakuta nguzo za nyumba ile zinaongea zenyewe kwa zenyewe, akachukua baadhi ya nguzo akapanda nazo, uchongaji ukaanzia hapo. Kwetu mti umegeuka mtu, kwao mtu amegeuzwa mti, na kote mti una uhai ndani. Hakuna aliyemfundisha mwenzie hapo. Mjomba akasema hao ni ndugu zetu, kwa kumaanisha kabisa, akaagiza chai iongezwe.

Alafu tukaingia kwenye ya uchungu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibiwa Makumbusho ya Taifa pale Dar, kikaja kuonekana Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, na mpaka kurudi ilikuwa 2010. Kijana akasema kwao ni nyumba nzima, Mataatua, nyumba ya mababu iliyochongwa, ilipelekwa kwenye maonyesho Sydney mwaka 1879, na huko wakaijenga kinyumenyume, kuta za ndani wakazigeuzia nje ili watu waone nakshi bila kuingia, alafu ikapelekwa London, ikarudi New Zealand 1925 lakini ikawekwa makumbusho ya mbali na wenyewe, mpaka ikasimama tena kwao 2011. Mtoto wa kaka akatafuta kwenye simu akakuta ile nyumba ilisimamishwa kwenye maonyesho ya Wembley ya 1924, na kwenye maonyesho hayohayo kulikuwa na mlango wa Olowe wa Ise, yule mchongaji wa Kiyoruba wa Nigeria, mlango ambao umechongwa mfalme amekaa kwenye kiti na Mwingereza anakuja amebebwa na watu. Mjomba alipooneshwa picha ya ule mlango akasogeza simu karibu na macho, "Huyu kachimba sana, ona kichwa kimetoka nje ya ubao." Ni kweli, wale watu wanataka kutoka. Na akakumbuka sanamu za baba yake za watu waliojitwika mizigo ya Wareno. Watu wawili ambao hawakujuana wanachonga jambo lilelile, mkoloni anabebwa. Na za kwetu za zamani zaidi zipo Leipzig, Karl Weule alipita mpaka Newala mwaka 1906 akakusanya, vipo huko mpaka leo.

Nikiwa na hayo yote kichwani ndo namrudia yule mnunuzi. Anachoita kuchanganya ndo jinsi uchongaji ulivyoishi. Kinachoweza kuuua siyo mnyororo wa Mikindani kwenye kitako, ni mti kuisha. Mpingo unakua taratibu mno, wa kuvunwa unaweza kuwa na miaka 70 au 100, na siyo sisi tu tunaoutaka, vyombo vya muziki vya Ulaya pia, klarineti ni mpingo, obo ni mpingo, zile zumari za mifuko za Waskoti ni mpingo. Hapo Lindi, upande wa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa msitu wao wenyewe, wanahesabu miti, wanavuna kidogo, hela inaingia kijijini, na mi nawapigia makofi kwa mikono yote maana zamani gogo liliondoka na kijiji hakikubaki na kitu cha maana. Na mpiga klarineti akae ajue kwamba gogo likipasuliwa kwa ajili yake sehemu kubwa inabaki vipande, na vipande hivyo vikifika barazani kwetu ni vinyago, tunamalizia mti mmoja kwa pamoja.

Wakenya wa pwani wameshatangulia, wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe. Yule shemeji wa Kikamba alituletea sanamu ya mwarobaini nikaisugua, vumbi lake chungu mpaka kooni hata ukifunga kitambaa, nyuzi zimesokotana, namba 120 inakwama kama hujanoa jicho lako kuona zinageukia wapi, ila ukivumilia unapata rangi ya kahawia yenye mistari mizuri ajabu. Shida ni kupasuka. Yeye anasema siri ni kuchonga umbo la awali mti ukiwa mbichi, kulifunika kwa magunia kivulini likauke pole pole, alafu ndo umalizie. Mwarobaini hapa Mtwara umejaa kila uwanja. Vijana wa mtaani wawili watatu wameanza, mjomba anawasimamia akiwa amekaa kwenye mkeka, mmoja kashaweka mnyororo wa Mikindani kwenye kitako bila kuambiwa na mtu.

Shemeji kaahidi msimu wa korosho ukiisha atakuja na mchongaji wa Wamunyu akae nasi kidogo atuoneshe ukaushaji huo vizuri, na fundi wa Mikindani nimeshamwambia, kasema inshallah atakuja na bikari yake. Kwa hiyo mafundi wa Newala, Tandahimba, Masasi, na nyie wa Lindi na Kilwa, mkisikia karibuni Mtwara. Kulala tutabanana, chakula ni ming'oko na samaki, na kila mtu aje patasi zake zimeshanolewa kabisa kwa sababu jiwe la kunolea tunalo moja tu na mjomba haliachii.